Qigong ya Walinzi wa West Bay

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Miguu inawaka. Kutwa nzima nalinda mlango wa hoteli, West Bay hapa Doha, nikiwafungulia watu ambao wana mikono. Nimechoka. Hata kuchoka kwenyewe kumenichosha.

Jioni, habari mbaya. Milcah, nesi wa kliniki ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mwanamke niliyepanga kumuoa (bado hajaarifiwa), amejiunga na yoga ya Githinji. Ijumaa asubuhi, Corniche, kwenye nyasi za ufukweni. Githinji! Mtu wa kompyuta, suruali ya kubana! Anafundisha prana, nguvu inayopita mwilini kwa pumzi. Milcah anasema mgongo wake umeanza kupona.

Lazima nipate kitu kikubwa kuliko yoga.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekipata! Kwenye simu, nikila. Qigong. Hutamkwa chigong. Ya Wachina, ya kale mno. Qi ni pumzi, nguvu ya uhai. Gong ni kazi ya kuizoeza. Na zoezi lenyewe? Kusimama! Magoti yamelegea, mikono kama umekumbatia mti, pumzi unaishusha chini ya kitovu. Basi. Kumbe miaka yote hii Doha nimekuwa bingwa.

Darasa Ijumaa, Corniche, karibu kabisa na Githinji. Walinzi wa zamu ya usiku wamekubali. Mmoja wao, Lenny, ameuliza kama kutakuwa na chai.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemkuta Githinji dukani, Milcah yupo. Nikamweleza kwa upole kwamba Wahindi waliiga Wachina. Akasema ipo hadithi ya mtawa aliyetoka India kwenda China na mafunzo yake, ila wanahistoria wanaitilia shaka. Eti prana na qi ni kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Nikasema wangu ndiye mkubwa. Akasema hapana, wake. Sauti zikapanda.

Milcah akatutazama kwa macho ya mtu aliyetoka zamu. "Mnapigania pumzi? Na hewa yote hii?" Akachukua maziwa yake, akaenda.

Nadhani alikuwa upande wangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Maafa.

Walinzi walikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare zao. Basi la kampuni likingoja ng'ambo ya barabara kuturudisha kambini. Nikawaambia wafumbe macho, wakumbatie mti, washushe pumzi. Kimya kizuri ajabu. Nikaisikia qi yangu ikishuka, joto, tamu...

Nikafumbua macho niko kwenye nyasi. Jua kali. Wote chini kama magunia, Lenny anakoroma. Basi limeenda. Milcah amepiga magoti, anashika mkono wa huyu na wa yule kutafuta mapigo. Alidhani tumekufa. Githinji ameinua mkeka wake kutukinga jua. Aibu!

Nikamwambia Milcah hiyo ndiyo qigong ya ngazi ya juu.

"Oloo, hawa shida yao si qi. Ni usingizi. Na wewe pia."

Kisha akaketi kando yangu, naye katoka zamu ya usiku, akafumba macho. Nikasogea apate kivuli cha mkeka. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 15 Novemba

Kambini, kwenye mabweni ya kampuni, basi lilirudi bila sisi, tukaandikwa watoro. Mtoro hurudishwa kwao! Jeremiah, msimamizi wetu, akauliza mwalimu ni nani. Wote wakaninyooshea kidole. Milcah akampigia simu, akamwambia mtu anayelala wima hajatoroka, amechakazwa. Wenzangu wamepewa mapumziko. Mimi nimehamishiwa Al Wakrah, nje ya Doha, geti la ghala.

Jumatatu, 17 Novemba

Hakuna kivuli. Githinji ameandika: nije tufundishe pamoja, pumzi ni moja. Mtego! Milcah ameuliza kama nakunywa maji. Mapenzi hayo, ni wazi.

Nimesoma kwamba Wachina wa kale waliiga wanyama: chui milia, kulungu, dubu, nyani, korongo. Hapa getini kuna paka. Wanajinyoosha, wanalala, na hakuna mwenye mgongo mbovu. Wachina walisahau paka! Githinji hana hii.

Walinzi wote wa Al Wakrah nimeshawaalika Ijumaa. Waje na kitu cha kulalia.