Nguzo Zenu Zimekataa Kuoza

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Mbao,

Salamu kwako na kwa wote wanaovuta vumbi la msumeno pamoja nawe.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa tatu, nilipoteza mita mbili za kiwanja changu kwa urefu wa mita thelathini, yaani mita sitini za mraba. Haziku­ibwa. Kaka yangu mkubwa aliziazima ili apitishe mkokoteni wakati wa ujenzi, akasimamisha uzio wa nguzo za mwerezi kutoka kwenu. Tulikubaliana mbele ya mama: nguzo zikioza, tunapima upya. Niliuliza ni mbao gani. Akasema mbao laini. Nikazipa miaka mitano, nikalala usingizi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hazijaoza, na si kwamba sikujitahidi. Nilielekeza maji ya bafuni kwenye nguzo kwa miaka minne. Zimegeuka kijivu tu, na kaka anasema sasa ndiyo zimependeza.

2. Nilileta mchwa kwa ndoo. Mafuta yaliyomo ndani ya mti huo yaliwachefua, wakauacha uzio wakala mlango wangu wa jikoni.

3. Mti wenyewe ni mwepesi na haupasuki ukipigwa msumari. Kwa hiyo kaka ametundika kamba ya nguo, taa mbili na lango. Uzio wa muda una taa.

4. Unanukia. Mke wangu, shahidi niliyemtegemea, huanika mablanketi yetu kulekule eti nondo hawayagusi.

Kila mwaka nikiuliza, kaka hunipa bisibisi. "Chokonoa mwenyewe, mdogo wangu." Haizami.

Binti yangu amerudi nyumbani na watoto wawili, na chumba chao kimekosa mita hizo hizo. Nimejijenga kwa kuuza misumari ya robo kilo, sijazoea kuomba. Ila naomba mnipe barua yenye muhuri inayotamka kuwa nguzo zimeoza, hata kama zimesimama. Kaka anaheshimu muhuri.

Nisalimie wapasuaji, dereva wa lori na mama wa chai.

Ndimi niliyezungushiwa uzio,
Mwenye duka la misumari

Nyongeza: Jirani wa upande wa pili, mwalimu mstaafu, amekubali kuniazima mita tatu kwa thelathini nimjengee binti, mpaka nguzo za uzio zioze. Nimemwambia ni mbao laini. Kwa hesabu yangu nitabaki na ziada ya mita thelathini za mraba. Nahitaji nguzo ishirini za mwerezi uleule, za kiini cha mti. Mwalimu anarudi safari Jumamosi. Zipo au hazipo? Nijibu kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi.