Tundu la Msumari

Jumatatu, 3 Juni

Mashindano ya picha yametangazwa ukumbini! Mada: vinyume. Picha moja, ndani yake mambo mawili yanayopingana. Mimi, mwenye studio, mwenye bango la mbao la "Bingwa wa Picha" mlangoni, nitashindana na nani mtaa huu? Na shemeji! Kaka wa mke wangu, fundi cherehani, ambaye duka lake linatazamana na nyumba yangu. Kanunua kamera juzi, tayari msanii. Kinyozi akaniuliza mbele ya wateja kama siogopi. Kuogopa! Nikatangaza, povu bado shavuni, kwamba fundi cherehani akinishinda nitalishusha bango langu kwa mikono yangu. Shemeji, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kunyolewa, akasema nisihangaike, ngazi anayo.

Jumanne, 4 Juni

Wazo kubwa: ukimya na kelele. Mke wangu amelala mchana, mimi pembeni nagonga sufuria. Akaamka. Picha imetoka kelele na kelele. Shemeji alicheka huko huko barazani kwake hadi uzi ukakatika. Kumbe ananiona hadi chumbani! Anachungulia mawazo yangu. Kesho naziba dirisha.

Jumatano, 5 Juni

Nimeliziba lote, maboksi na misumari. Msumari mmoja ulikwenda kombo, nikaung'oa, tundu likabaki. Sikujali. Nikakaa gizani nifikiri.

Mungu wangu!

Macho yalipozoea, niliuona mtaa ukutani. Mtaa mzima, na rangi zake, juu chini! Anga iko karibu na sakafu, buluu ile ile. Baiskeli imepita magurudumu juu na mtu wake hakuanguka. Jirani kamwaga maji ya kufulia, maji yakapanda. Na katikati, shemeji kwenye cherehani yake, kichwa chini, anashona kwa utulivu kama ndivyo alivyozaliwa. Tundu la msumari! Miaka yote nimeisumbua nuru kwa taa na vioo, kumbe yenyewe huingia bila kuitwa na kuchora.

Nikamwita mke wangu. Alikuja na hasira za jana. Nikafunga mlango. Akauliza kwa sauti ndogo kama yule si kaka yake. Akanyoosha mkono ukutani, na kaka yake akaendelea kushona juu ya vidole vyake. Sikumbuki lini tulikaa bega kwa bega bila kubishana.

Kisha nikazinduka. Kamera kwenye miguu yake mitatu! Lenzi wazi muda mrefu, mimi kitandani, sipepesi macho. Ndani na nje, giza na nuru, bingwa na fundi! Shemeji hajui kitu.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi umefurika. Mbele ya picha yangu watu wanashusha sauti kama wameingia kumwona mgonjwa. Mwenyekiti wa majaji, mama mmoja mwalimu wa kuchora, ameibandikia utepe mwekundu. Ushindi! Nikasogea karibu.

Wameitundika juu chini! Shemeji amekaa wima, anga juu yake. Mimi na kitanda changu tunaning'inia kama popo. Kinyozi ameshaniita Popo. Mke wangu akanivuta shati, akaninong'oneza kwamba utepe ninao, nifunge mdomo. Mwenyekiti akasema hapo ndipo ilipo raha yake: wa barabarani katulia, aliye kwake ndiye kapinduka.

Nifunge mdomo! Mimi! Nikapanda juu ya kiti. Nikawaeleza elimu ya nuru, haki za msanii, na aibu ya majaji wasiojua juu wala chini. Wakaigeuza. Wakaitazama upya. Wakateta. Mwenyekiti akasema sasa ni chumba tu cha mtu aliyebandika picha vibaya ukutani. Utepe ukabanduliwa. Ukahamia kwa shemeji.

Nikaenda kuikosoa picha yake. Koti moja, nusu imepinduliwa ndani nje. Huku kitambaa kinang'aa. Huku nyuzi, viraka, alama za chaki, mishono iliyofumuliwa na kurudiwa. Sikujua koti linaficha taabu nyingi namna hiyo. Nilisahau kupumua. Halafu nikakumbuka kumchukia.

Jumapili, 9 Juni

Bango limeshuka. Ngazi ni ya shemeji. Aliishika kwa mikono miwili, kwa adabu, jambo linaloudhi kuliko matusi.

Mke wangu akatuingiza wote chumbani, akafunga mlango. Shemeji akaliona duka lake mwenyewe linaning'inia, kiti kitupu, cherehani inamngoja. Akavua kofia. Akasema, polepole, kwamba hakujua anakaa mahali pazuri hivyo. Tukanyamaza wote watatu. Hata mimi!

Kisha wazo likanijia. Kama tundu la msumari limefanya haya, tundu la ukubwa wa sahani litafanya nini? Mke wangu akanisihi niliache lilivyo. Dada wa yule yule! Shemeji alipotoka tu nikang'oa maboksi, nikapigilia bango langu dirishani, nikalitoboa katikati. Mtaa ukafifia. Ukawa ukungu. Ukawa ukuta.

Kosa liko wazi: tundu bado dogo. Shemeji amerudi, uso wake umejaa tunduni, wima kabisa, anauliza kama nataka nyundo kubwa zaidi. Nimemwambia alete.