Jino Moja kwa Maslahi ya Wilaya

Kwa niaba ya Idara ya Vinywa vya Wazee, napenda kuutangazia umma kwamba tatizo la wazee kukosa meno katika wilaya yetu lilikomeshwa rasmi mwezi wa tatu mwaka jana, kwa waraka wa kurasa mbili. Nasema rasmi kwa sababu mimi ndiye niliyeupiga mhuri. Cheo changu ni Msajili Mwandamizi wa Vinywa. Kabla yangu cheo hicho hakikuwapo, na watu walikuwa wanaishi tu, hawajui kinachokosekana.

Kabla ya waraka mambo yalikuwa vurugu tupu. Mzee anakuja na jino bovu, daktari wa meno analitazama, analing'oa, mzee anakwenda zake. Hakuna aliyejiuliza wilaya imebaki na mangapi. Mkurugenzi wetu alipoletwa, akajiuliza. Aliomba takwimu, akaambiwa hazipo, akanikabidhi tochi na daftari. Nilipita nyumba kwa nyumba wiki saba, nikiwaomba watu wazima waniachamie. Nilirudi na hesabu: wazee wasio na jino hata moja walikuwa mia moja kamili. Zamani tungewaita vibogoyo. Siku hizi ni wazee wenye upungufu kamili wa meno.

Mkurugenzi aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. Makao makuu walikuwa wametangaza Ngao ya Kinywa Bora, itakayotolewa kwa wilaya yoyote ambayo watu wake wa aina hiyo hawazidi mia moja. Mtu wa kawaida angefikiria kuwatibu wazee. Yeye alifikiria mbali zaidi. Waraka ukatoka: mzee ni mtu wa miaka sitini na kuendelea, mzee mwenye jino moja ni mzee mwenye meno, na jino la mwisho la mzee yeyote ni tunu ya wilaya, haling'olewi bila kibali cha Mkurugenzi. Meno ya bandia hayahesabiwi, maana watu wana ujanja. Atakayejing'oa kienyeji, kadi yake ya matibabu itafutwa.

Wazee wa jino moja walikuwa wanane. Saba hawakutusumbua. Wa nane alikuwa Bibi Cherehani.

Jina hilo alipewa na mtaa. Alishona sare za shule miaka arobaini, na mpaka leo kuna watu wazima wenye vyeo ambao mikono yao ilipimwa na futi yake. Jino lake lilikuwa la chini, upande wa kushoto, na alilitumia kukatia uzi. Mkasi, alikuwa akisema, ni wa watu wenye nafasi. Mumewe alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo anaishi na wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa muuza mboga sokoni. Wifi huyu ni namba sitini na nne katika daftari langu. Hana jino hata la kusingizia, na hajawahi kuomba radhi kwa hilo.

Walifika kliniki siku ya Jumatatu, shavu la Bibi Cherehani limevimba kama ameficha ndimu. Hakuwa anasema. Wifi ndiye aliyeeleza: hali chakula, halali, uji wenyewe anaunywa kwa kuinamisha kichwa upande mmoja. Daktari wa meno alimkalisha kwenye kiti, akatazama, akagusa fizi kidogo. Mama wa watu akakunja vidole vya miguu ndani ya kandambili. Daktari alisema mzizi umeoza na usaha umejaa chini yake, ukiachwa utaingia kwenye taya. Litoke leo. Alikuwa ameshashika koleo nilipoingia na daftari.

Nilimweleza kwa upole kwamba mgonjwa huyu kitakwimu ni mzima.

Daktari aliniuliza kama nimeliona shavu. Nikamjibu kwamba shavu halimo kwenye waraka. Alisimama na koleo lake hewani, akaniangalia, kisha akaliweka chini polepole, kwa sababu ana watoto wanne na barua ya ajira. Alimpa dawa za maumivu na za kukausha usaha, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na kwenye faili akaandika: *Jino litolewe mara moja.* Nilipiga mhuri wa IMEPOKELEWA juu ya maneno hayo, ili yasipotee.

Maombi ya kibali niliyapeleka mwenyewe. Majibu yalitoka baada ya siku tisa, ambayo kwa ofisi yetu ni mbio. Mkurugenzi alikuwa ameandika kwa kalamu ya kijani: *Mwombaji ashauriwe kuvumilia hadi baada ya ukaguzi.* Ukaguzi ulikuwa baada ya wiki tano.

Kwa kuwa jino lile sasa lilibeba wilaya nzima, niliagizwa kulikagua kila siku. Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwao. Bibi Cherehani anakaa kwenye kiti cha cherehani, anaachama, nawasha tochi, naandika: *Lipo.* Nilimkumbusha kupiga mswaki mara mbili kwa siku, mbele na nyuma ya jino, na pembeni pia, kwa kuwa sasa pembeni palikuwa wazi. Juu ya cherehani kulikuwa na gauni la watu, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umebandikwa kwa pini. Liliendelea kuwa hivyo wiki ya pili, na ya tatu.

Wifi alikuwa akisimama mlangoni mikono kiunoni kila siku nikimulika. Asubuhi moja alinizuia nisitoke.

"Wewe baba," alisema, "mimi na huyu tumegombana kila jioni miaka kumi na moja. Chumvi imezidi, mlango haukufungwa, nani kahamisha nini. Sasa nasema peke yangu kama redio. Hata kunitukana hawezi. Unajua nyumba inavyokuwa?"

Nilimwambia idara haina fomu ya jambo hilo.

Kesho yake, hata hivyo, nilikwenda na chupa ya barafu na kitambaa safi. Niliingiza matumizi hayo kwenye kipengele cha *utunzaji wa mali ya umma*. Bibi Cherehani aliibana barafu shavuni, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza nikaona mabega yake yakishuka. Nilikaa muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa kwa mujibu wa ratiba. Niliandika *Lipo*, nikaondoka.

Wiki ya nne shavu liligusa jicho. Wifi alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Mkurugenzi bila miadi. Nilikuwamo ofisini, kwa hiyo nathibitisha kilichosemwa. Alisema wifi yake anakufa kwa jino, na yeye hataki kubaki na ngao ukutani na mtu kaburini. Mkurugenzi alimpa kiti na soda baridi, akamsikiliza kwa makini sana, huku akitafuna karanga. Ni mtu mwenye tabasamu zuri, jeupe, lililonyooka kama matofali ya bafuni.

"Bibi yangu," alisema, "sote tunaumia kwa ajili ya wilaya. Wiki moja tu. Mwambie asitafunie upande huo."

"Upande upi mwingine anao?" wifi aliuliza.

Mkurugenzi alisema swali ni zuri na litafanyiwa kazi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Ukumbi ulipambwa, viti vya plastiki vikapangwa kwa safu, wazee wote wa daftari wakaletwa. Kutoka makao makuu alikuja Mkaguzi, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, ambaye sauti yake haipandi wala haishuki. Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini kuhusu kinywa kama lango la maendeleo. Kisha Mkaguzi akaanza kupita kwenye viti na kioo chake kidogo, mimi nyuma yake na daftari.

Alipofika kwa Bibi Cherehani alisimama.

"Lipo," alisema. "Linatikisika, lakini lipo. Linauma, mama?"

Bibi Cherehani alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka bila sauti yakaishia kwenye uvimbe.

Mkaguzi aliniuliza kwa nini halijatolewa. Nikampa waraka. Aliusoma wote, akaurudia toka mwanzo, akaukunja mara nne. "Sawa," alisema, kama mtu anavyomwambia sawa mwendawazimu aliyeshika panga. Akaendelea na kazi.

Jumla ilipotangazwa ilikuwa mia moja kamili. Ukumbi ukapiga makofi. Mpiga picha wa gazeti akaomba picha ya kumbukumbu, na hapo Mkurugenzi akazidiwa na furaha. Alikaa mwenyewe kwenye kiti cha ukaguzi, akasema anataka kuwaonyesha wananchi kwamba zoezi halina maumivu, akaachama mbele ya kamera.

Mkaguzi akawasha tochi. Alitazama juu, akatazama chini. Akagonga kwa kioo, ki, ki.

"Toa," alisema.

"Nitoe nini?"

"Ya juu na ya chini. Ya bandia hayahesabiwi. Umeandika mwenyewe."

Mkurugenzi alicheka, akaeleza kwamba yeye katika zoezi hili ni mwenyeji tu. Waraka unahusu wazee, na yeye ana miaka hamsini na minane. Mkaguzi aliomba kitambulisho. Mkurugenzi akasema kimebaki ofisini. Katibu muhtasi wake, mtu mwenye bidii ambaye siku zote hupenda kusaidia, akakitoa kwenye mfuko wa koti la bosi lililokuwa limetundikwa kitini, akakikabidhi kwa mikono miwili.

Kitambulisho kilisema sitini na mitatu.

Katika utumishi wetu mtu hustaafu akiwa na sitini. Jambo hili linajulikana hata na mfagizi. Mkaguzi alisema, kwa sauti ileile, kwamba anaona njia mbili. Kama bwana huyu ana hamsini na minane, kitambulisho ni cha kughushi. Kama ana sitini na mitatu, basi kwa miaka mitatu amekalia ofisi isiyo yake, na ni mzee mkazi wa wilaya hii, na hana meno. Achague.

Mkurugenzi alitazama ukumbi, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama daftari. Mwishowe akaingiza vidole mdomoni, akatoa ya juu, akatoa ya chini, akayaweka kwenye kisahani cha chuma. Mashavu yakaingia ndani. Alijaribu kusema kitu, nadhani kilikuwa "hii si haki," lakini kilitoka kama maji yanayoisha kwenye bomba.

Niliandika namba mia moja na moja. Mkono wangu ulikuwa imara.

Daktari wa meno alisogea akamuuliza Mkaguzi jambo la kisheria: kama Mkurugenzi si Mkurugenzi, je, kibali chake bado kinahitajika? Mkaguzi akamuuliza kibali cha nani. Daktari alikuwa ameshavaa glavu. Walimwinua Mkurugenzi kwenye kiti, wakamkalisha Bibi Cherehani palepale, wifi akamshika mkono. Sindano ya ganzi, kusubiri kidogo, kisha koleo. Kung'oa kwenyewe hakukuchukua hata dakika moja. Siku tisa, wiki tano, na dakika moja. Sikuandika hivyo, lakini niliwaza.

Bibi Cherehani alitema damu na usaha kwenye bakuli, akasukutua, akapumua kwa mdomo wazi. Kisha akamgeukia wifi yake, na kwa ulimi mzito wa ganzi akasema:

"Ile sufuria yangu ndogo umeipeleka wapi?"

"Sufuria ipi?" wifi akafoka. "Ile iliyotoboka? Unaanza mapema hivi?" Alifoka huku analia, na alipomaliza kufoka akajifuta kwa pembe ya kanga na kumfuta na mwenzake damu kidevuni.

Ngao ilikwenda wilaya ya jirani. Waraka haujafutwa, kwa sababu wa kuufuta ni Mkurugenzi, na kiti kiko wazi.

Mwezi uliofuata, Mkurugenzi wa zamani alifika dirishani kwangu. Meno yake yalikuwa yamechukuliwa kama kielelezo, na alitaka seti nyingine. Alisimama kwenye foleni tangu asubuhi, amevaa suti. Nilimpokea kwa heshima zote. Nikampa Fomu ya Maelezo ya Jino Lililokosekana, ambayo aliibuni yeye, nakala thelathini na mbili, moja kwa kila jino.

"Jino la kwanza lilitoka lini, mzee?" nilimuuliza.

Alisema hakumbuki. Yapata miaka ishirini.

"Tarehe ni lazima. Bila tarehe hatuwezi kukubali kwamba limetoka."

"Thi unaona halipo," alisema, akaachama dirishani.

"Naona, mzee. Lakini kwa mujibu wa faili, meno yako yote bado yamo. Na mtu mwenye meno yake yote hapewi ya bandia."

Alifikiri kidogo. Hakuwa mjinga hata siku moja. Akaniuliza, kama meno yote yamo, kwa nini basi alihesabiwa namba mia moja na moja na akapoteza kazi?

"Hiyo," nikamwambia, "ni idara nyingine."

Alikusanya fomu zake akaenda kwenye benchi la wazee. Lilikuwa limejaa. Namba sitini na nne, aliyekuwa amemsindikiza wifi yake kuonyesha kidonda kilivyopona, alimtazama juu mpaka chini, akapakata kikapu chake, akasogea.

"Kaa," alimwambia. "Na uji usiunywe wa moto sana, fizi zitakuwasha. Utazoea."