Voronin, Mihogo na Hadubini ya Shule

Jumapili, 8 Septemba 2024

Nimemaliza kusoma habari za Voronin, Mrusi aliyechunguza kuvu. Mtu wa ajabu! Kabichi za Petersburg zilivimba mizizi, wakulima wakashika vichwa. Yeye akainamia hadubini miaka kadhaa, hadi mwaka 1878 akamtangaza mhalifu: kiumbe kisichoonekana kwa macho. Na alichora kwa mkono wake!

Atakayeshinda onyesho la sayansi Ijumaa atakaa na hadubini ya shule likizo nzima. Lazima niwe mimi. Tatizo: kila mshiriki hueleza kazi yake mbele ya watu. Dawa: kazi nzuri mno, isiyohitaji maneno. Nimefunga mihogo kwenye gunia chini ya kitanda. Iote ukungu.

Jumatano, 11 Septemba

Umeota! Mweupe, mweusi, na mwingine wa rangi ya machungwa. Nimechora hadi vidole vikauma. Sasa namheshimu Voronin maradufu. Chepngetich, tunayekaa naye dawati moja, ataleta mkate wenye ukungu. Mkate!

Alhamisi, 12 Septemba

Msiba. Shangazi Agnès alifagia chumbani, akakuta gunia. Hakukasirika. Alifurahi karibu kulia! Kwao Kivu mihogo huvundikwa hivyohivyo kabla ya kuwa unga wa bugali, ugali wao, naye alidhani sisi tuliozaliwa huku mjini Bertrams hatujui lolote. Amekwangua ukungu wote, ameanika mihogo juani. Nilipaswa kumweleza. Nimesema asante.

Ijumaa, 13 Septemba

Nilisimama kando ya michoro yangu. Mwalimu aliuliza, nikatazama viatu. Shangazi, aliyekuja na wazazi wengine, akajibu.

«Mwalimu, ile ya machungwa ni muzuri. Ile nyeusi unatupa.»

Akaeleza robo saa, bila karatasi. Hata mimi nilisahau aibu nikasikiliza. Makofi! Kisha mwalimu akasema kwa upole kwamba anayeshindana ni mwanafunzi, si shangazi yake. Hadubini amepewa Chepngetich.

Jumamosi, 21 Septemba

Likizo. Chepngetich amekuja kwetu na hadubini! Amemfuata Shangazi, ili Shangazi amfundishe kuvundika mihogo. Wako jikoni tangu asubuhi, wanacheka. Chepngetich amegonga mlango wangu.

«Njoo uangalie, we. Ni zamu yako.»

Nimejibu nina kazi. Kweli ninayo. Nimeficha vipande vya boga kabatini, katikati ya nguo za kanisani za Shangazi. Vikiota ukungu, watakuja na hadubini wenyewe, waniombe. Sitahitaji kusema neno.