Vita vya Mpira wa Kurusha na Nusu Kichwa cha Bwana Harusi

Sogeeni, enyi wenye timu na enyi msio na timu, mliokaa na mliosimama. Punguzeni hizo redio, wekeni chini vikombe vyenu, mnitegee sikio. Sitawasimulia habari za wafalme walioteketeza miji, maana hao wana wasimulizi wao na wanalipwa vizuri. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika kibanda cha kinyozi chenye kiti kimoja cha kuzunguka, benchi moja na kioo chenye ufa, vita ambavyo havikumwaga damu ila tone moja nyuma ya sikio, na bado vikazaa tendo ambalo, tangu mpira uanze kupigwa hapa duniani, sijasikia shabiki aliyelitenda mbele za watu. Nami sisimulii ya kuambiwa. Nilikuwa palepale kwenye benchi, wa pili kwenye foleni. Ewe kumbukumbu yangu, usinitupe mkono. Nawe ulimi, usitie chumvi kuliko ile inayohitajika.

Shujaa wetu ni Kinyozi, Jemadari wa Mashine, Mfyeka-Nywele, Mlinzi wa Visogo vya mtaa mzima, mtu mpana wa kifua na mpana zaidi wa kauli, ambaye hajapata kushindwa ubishi wa mpira hata siku moja. Si kwamba anajua kila kitu. Ni kwamba hubishana akiwa na wembe mkononi, na mtu aliyewekewa wembe shingoni ni mwepesi wa kukubali. Mpinzani wake ni Fundi Viatu, Bwana wa Sindano na Gundi, Mfufua-Soli, ambaye meza yake iko nje ya mlango uleule, na kwa kuwa yeye hukaa mbali na ule wembe, hakubali kitu. Wawili hawa hunywa chai ya birika moja na kuuguzana kama ndugu. Lakini Kinyozi ni wa Bluu, na Fundi ni wa Mistari, na hapo ndipo undugu unapofika ukingoni.

Siku yenyewe, katika kile kiti cha enzi cha plastiki, alikuwa ameketi Bwana Harusi. Huyu ni mtoto wa dada yake Kinyozi, kijana mpole aliyefiwa na baba akiwa bado anatambaa, na harusi yake ilikuwa alasiri ileile. Mjomba ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, mjomba ndiye aliyekwenda kuonana na wazee wa bibi harusi, na mjomba ndiye aliyepangwa kuingia naye ukumbini mahali pa baba. Baba mkwe alikuwa ametamka mapema, bila kupepesa macho, kwamba mtu anayechelewa harusi yake mwenyewe hatawahi kitu chochote maishani. Kwa hiyo kijana alikuja mapema, akafungwa kitambaa shingoni, na Kinyozi akaanza kazi kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa kichwa changu. Upande wa kulia ukawa bustani. Upande wa kushoto ulikuwa bado msitu.

Ndipo Fundi alipochungulia mlangoni, kiatu kimoja mkononi, tabasamu limemjaa mpaka masikioni.

"Habari za kulala, jirani? Jana mlilala?"

Mashine ikazimwa. Wasikilizaji wangu, mashine ya kinyozi ikizimwa katikati ya kichwa, mtu mwenye busara huanza kutafuta mlango. Jana yake Mistari walikuwa wameifunga Bluu bao moja kwa bila, bao la dakika za mwisho kabisa: beki wao alirusha mpira kutoka mstari wa pembeni, ukapita juu ya vichwa vya mabeki wa Bluu, ukamfikia mshambuliaji aliyekuwa amesimama peke yake mbele ya kipa, naye akautia wavuni bila hata kutoa jasho.

"Lile halikuwa goli," akanena Kinyozi kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Lile lilikuwa tukio. Mtu wenu alikuwa ameotea! Ameotea mpaka kipa wetu alidhani ni mwenzake kaja kumsalimia. Na yule mshika kibendera, mtu mzima, mwenye macho mawili na mke nyumbani, akasimama pale na kibendera chake kama mtu anayeuza leso!"

"Mpira ulikuwa wa kurusha, jirani," akajibu Fundi. "Wa kurusha hauna kuotea."

"Hauna kuotea? Nani kasema?"

"Sheria."

"Sheria ipi? Iliyoandikwa kwa mkono wa nani? Njoo hapa, nikuoneshe, wewe mshona kandambili!"

Naye Jemadari akafagia meza yake kwa kiganja kimoja na kupanga majeshi. Kopo la poda likawa kipa. Vitana vinne vikawa mabeki. Chupa ya spiriti, mshambuliaji wa hila, ikasimamishwa nyuma ya vitana, karibu na kopo kiasi cha kugusana. Burashi ya shingo ikawa mwamuzi, ikalazwa kifudifudi ili ijulikane kwamba haioni. Kinyozi akahutubia kwa kirefu, mate yakirukia kioo, juu ya kuotea kulivyo, kulivyokuwa na kutakavyokuwa. Na Fundi, aliyekwisha kuingia ndani na kiatu chake, akawa anaihamisha ile chupa kila Kinyozi alipopepesa, mpaka kitana kimoja kikaanguka chini na kukanyagwa. Beki wa kulia akavunjika meno mawili.

Hapo hasira ikampanda Kinyozi mpaka utosini, akainua mashine juu, waya wake ukining'inia, akala kiapo mbele yetu sote.

"Sikilizeni! Mashine hii haitagusa kichwa cha mtu yeyote, awe mkubwa awe mdogo, mpaka mwenye makosa akiri kwa mdomo wake kwamba alikosea! Nimemaliza."

"Mjomba," ikasema sauti nyembamba kutoka kwenye kiti, "na mimi?"

Hakuna aliyekuwa anamkumbuka. Alikuwa amejitazama kwenye kioo, bustani huku na msitu huku, na uso katikati umemshuka.

"Mjomba, mimi nakubali. Ameotea. Ameotea sana. Ninyoe."

"Wewe huna timu, mwanangu. Kukubali kwako hakuna uzito."

Kijana akamgeukia Fundi. "Baba Fundi, nakuomba. Sema tu ameotea. Ukitoka nje ukane."

Fundi akaweka mkono kifuani, na naapa nilimwona machozi yakimlenga. "Mwanangu, niombe viatu, nikushonee mpaka uzeeke. Niombe hata gundi yangu yote. Lakini goli? Goli si langu mimi. Ni la watu wote wa Mistari. Nikilitoa hapa, nyumbani nitaingilia wapi?"

Mimi nikapendekeza tupige kura. Nikaambiwa ninyamaze, zamu yangu bado.

Simu ikaanza kulia chini ya kitambaa. Alikuwa mama yake Bwana Harusi, dada mkubwa wa Kinyozi, mtu pekee ambaye Jemadari humwogopa hapa chini ya jua. Kijana akaweka kipaza sauti.

"Uko wapi wewe? Gari limeshafika. Mpe mjomba wako simu."

Kinyozi akatikisa kichwa na kunong'ona, "Mwambie mikono ina sabuni."

"Nakusikia," ikasema simu. "Nimekusikia vizuri kabisa. Nakuja hapo."

Ikakatika. Mtu mwingine angesalimu amri, lakini kiapo ni kiapo, na kwa upande wa pili wa kile kibanda Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani, akiwa tayari kukaa hapo mpaka wajukuu zake waje kumchukua.

Sasa tazameni maajabu: mkakati uliogeuza vita vile haukutoka kwa jemadari yeyote. Ulitoka kwa mtu aliyefungwa kitambaa shingoni, asiye na timu. Bwana Harusi alikuwa akiangalia kwenye kioo, na kwenye kioo aliiona, nyuma yake ukutani, picha kubwa ya Bluu ya mwaka ule walipochukua kombe. Akavuta pumzi.

"Sawa, mjomba. Tungoje tu. Lakini wakati tunangoja, nihadithie lile goli la kombe."

Hakuna kinyozi, hakuna mtu, aliyewahi kumnyima mtoto wa dada yake hadithi aipendayo. Uso wa Kinyozi ukafunguka. Akaweka mashine chini, akaisogelea ile picha, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeongea na mpenzi.

"Ah, mwanangu. Siku ile! Dakika zimeisha. Watu wameanza kutoka. Beki wetu wa kulia, yule mwenye mikono mirefu, akaokota mpira kule pembeni. Akaufuta kwenye jezi. Akarudi nyuma, akaja mbio, akaurusha! Ukaenda, ukaenda, ukapita juu ya mabeki wao wote, wamekodoa macho tu, na kule mbele, mwanangu, kule mbele yuko mtu wetu kasimama peke yake, hana jirani, hana mgeni, yeye na kipa tu, naye..."

Akaitazama ile picha upya.

Mkono wake ulikuwa bado juu, umemwelekea yule mshambuliaji wa kwenye picha, ambaye kweli alikuwa peke yake, na nyuma yake mabeki walikuwa wameinua mikono kumlilia mwamuzi, na kule pembeni kabisa beki mwenye mikono mirefu alikuwa bado na mikono yake juu ya kichwa. Picha hiyo ilikuwa imetundikwa pale muda wote, nasi sote tumenyolewa chini yake.

"Endelea," akasema Fundi, taratibu sana.

Hapo ndipo vita halisi vilipoanza, navyo vilikuwa ndani ya mtu mmoja. Maana akishikilia kwamba la jana ni kuotea, basi kombe la Bluu si kombe, na miaka yote ile amekuwa akishangilia wizi. Na akikubali kwamba la jana ni goli, itabidi atamke lile neno. Nilimwona akipambana. Alijaribu kwanza kutoka kwa mlango wa nyuma.

"Sheria siku hizi wanazibadilisha badilisha sana."

"Hii hawajaibadilisha," akasema Fundi.

"Labda hatukuelewana."

"Tulielewana, jirani. Mpaka kitana kimevunjika."

"Basi, tuseme kwamba, kwa namna fulani, mtu anaweza..."

"Mjomba," akasema Bwana Harusi. Hakupandisha sauti. "Nikiingia ukumbini peke yangu, watauliza wa kwetu yuko wapi."

Kinyozi akatazama kwenye kioo. Akaona kile kichwa ambacho yeye ndiye aliyekinyoa nywele zake za kwanza, nusu yake ikingoja, na macho ya yule mtoto aliyekua mikononi mwake. Nami nawaambia bila aibu kwamba nilimpenda yule mtu wakati ule, na Bluu siipendi hata kidogo. Akakohoa. Akajishika ukingo wa meza. Midomo ikafunguka, ikafunga, ikafunguka tena, na likatoka, dogo, limepauka, halijawahi kuona mwanga tangu liumbwe.

"Nilikosea."

Panga boi lilizunguka darini. Mimi nilisimama kwenye benchi bila kujua kwa nini nasimama. Na Fundi, Mfufua-Soli, ambaye kwa haki angeweza kucheka mpaka jioni, hakucheka. Aliinamia kile kiatu chake, akakigeuza geuza.

"Jirani, na mimi nikwambie ukweli. Hiyo sheria sikuwa na uhakika nayo. Mimi nilibisha kwa sababu goli lilikuwa letu."

Kinyozi akamtazama. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, Fundi akaanguka kutoka kwenye ndoo, Bwana Harusi akacheka mpaka kitambaa kikamfunguka. Na kwa kuwa mwenye makosa alikuwa amekiri kwa mdomo wake, kiapo kikawa kimetimia, mashine ikanguruma tena na msitu wote ukafyekwa. Ni katika furaha hiyo, Jemadari akinyoa huku bado anacheka, ndipo lilipotoka lile tone nyuma ya sikio. Dada mkubwa alipotokea mlangoni, akiwa amejifunga kibwebwe kwa ajili ya mapambano, alimkuta mwanawe anapakwa poda na mdogo wake anavaa koti.

"Mlikuwa mnafanya nini humu?"

"Tulikuwa tunanyoa, dada," akasema Kinyozi, na huo ulikuwa ukweli kwa sehemu yake.

Wakaondoka, Fundi naye amepakiwa nyuma. Baba mkwe, niliambiwa, aliangalia saa yake mara mbili akitafuta kosa, akalikosa. Mjomba na mpwa wakaingia ukumbini bega kwa bega. Mimi nilibaki na ndevu zangu mlangoni mwa kibanda kilichofungwa, na sikunung'unika.

Basi na isemwe, enyi mlionisikiliza, na waambiwe hata ambao hawajazaliwa, katika vibanda vyote ambamo watu hubishana juu ya kona na penalti: palikuwa na mwanamume mzima, shabiki wa kufa na kupona, mwenye akili zake timamu, aliyetamka "nilikosea" mbele ya mashahidi, na hakufa. Wengi wamejaribu kumfuata wakashindwa njiani. Mimi mwenyewe nafanya mazoezi kila siku nyumbani. Hadi sasa nimefika kwenye "nili", na mke wangu anasema hana haraka, atangoja hiyo iliyobaki.