Ombi la Kuvunja Mtandao wa Wauguzi Wanaohesabu Mikono Yangu

Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana, ila kinachoniuma ni heshima, na dawa yake haimo kabatini kwetu.

Mimi ndiye mganga mfawidhi wa zahanati ya mwisho wa barabara, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Miezi minane iliyopita uliwaunganisha wauguzi wa kudhibiti maambukizi wa zahanati sita za vijijini, ili wasaidiane kwa simu na kutembeleana. Nilipiga makofi kuliko wote. Kumbe najipalia makaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani muuguzi wetu hakuwa na wa kumuuliza ila mimi. Nikisema sabuni mpya imiminwe juu ya iliyobaki, inamiminwa. Siku hizi ananiambia, "Ngoja niwaulize wenzangu, Daktari," na kabla sijamaliza kukohoa, watano wameshajibu kwamba chupa ioshwe kwanza, ikauke.

2. Kila Ijumaa muuguzi wa zahanati nyingine huja kuketi benchini na wagonjwa, daftari mapajani, akihesabu nani ananawa. Mara ya kwanza nilidhani kaletwa na mafua. Nikamwita, nikampima, nikamwandikia vidonge, bila kunawa kabla wala baada. Alishukuru kwa adabu, akaandika. Matokeo yakabandikwa ukutani: mfagizi tisa kwa kumi, mimi mbili. Na hizo mbili, nilikuwa natoka chooni.

3. Koti langu jeupe nilikuwa nalivaa sokoni, harusini na msibani, watu wanipishe. Wameazimia lisitoke zahanati. Juzi nimekwenda kununua nyanya nikaambiwa nipange foleni!

4. Mke wangu si muuguzi, lakini wamempokea. Anawapelekea ripoti za mezani, kama nimenawa kabla ya kula.

5. Hili ndilo zito. Mwaka jana kinamama saba walipata homa baada ya kujifungulia kwetu, tukawakimbiza hospitali kubwa. Tangu mtandao uanze, ni mmoja tu. Sasa watu wanauliza wale saba walipatwa na nini. Jibu ninalo, Ndugu, na linaniaibisha. Nani atamheshimu mganga wa namna hiyo?

Kwa hiyo naomba mtandao uvunjwe, kila muuguzi abaki na maswali yake kwake, nami nirudishiwe koti.

Nisalimie wote hapo ofisini, dereva, karani, na mama wa ghala. Mwambie glavu alizotuletea haziniingii hata kidole gumba.

Wako katika kazi, kwa sasa bila koti,
Mganga Mfawidhi

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, binti yangu akapiga simu. Ana mimba ya kwanza, na mwezi ujao anakuja kujifungulia kwetu, kwa baba yake. Nimeogopa, sikufichi. Nimechukua simu ya mke wangu nikawauliza wale wauguzi nani atakuwepo siku hiyo. Wamesema watakuja wawili kumsaidia muuguzi wetu. Tafadhali usivunje kitu. Wameuliza pia, wakidhani ni mke wangu anayeandika, na Daktari je? Nimewajibu asikaribie kitanda mpaka wamwone kwa macho yao akinawa.