Vita vya Fundi Jicho na Kidonge cha Shangazi

Kaeni chini, mliosimama; simameni, mliokaa; maana habari hii haifai kusikilizwa kwa kulegea. Zimeni redio, tulizeni watoto, mwambieni jirani anayegongagonga mabati agonge kesho. Wengine wamesimulia falme zilizoanguka na majeshi yaliyovuka mito. Mimi nasimulia jambo kubwa kuliko hayo, nalo ni goti la babu yangu. Nawe kengele ya bwenini, wewe uliyenifukuza usingizini alfajiri zote za maisha yangu ya shule, wewe usiyejua huruma wala Jumapili, niazime sauti yako leo, ili hata waliojifunika gubigubi waamke wasikie.

Alikuwako mshonaji, na namshukuru Mungu kwamba bado yuko, bwana wa cherehani ya miguu, mpasua vitambaa, mtiisha marinda, ambaye mtaa mzima humwita Fundi Jicho. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kumpima mtu kwa futi. Mteja akiingia, Babu alimtazama mara moja kutoka kola hadi kisigino, kisha akasema, "Nenda, njoo Ijumaa." Ijumaa nguo ilikuwa tayari, na kama ilibana, basi ni mteja aliyenenepa kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Mambo mawili shujaa huyu hakuyafanya tangu apate akili zake. Hakuuliza, na hakuvaa miwani. Akipotea njia, aliendelea kupotea kwa heshima. Na sindano alizitunga mwenyewe bila miwani, yaani alininyooshea sindano na uzi akasema, "Hebu nione kama umejifunza," nami nikatunga, naye akaridhika kwamba nimejifunza.

Sasa, mwaka jana mguu wake wa kushoto ulivimba ukawa kama mto wa kulalia. Daktari alipochungulia kwa mashine yake akakuta bonge la damu limeganda ndani ya mshipa, limetulia kama mtu aliyemilikishwa kiwanja. Babu akaandikiwa dawa ya kuizuia damu isigande, kidonge kimoja kila jioni saa ileile, nayo nyumbani kwetu ikaitwa kwa kifupi "dawa ya damu". Ufupi huo, wasikilizaji wangu, ulikaribia kutuponza.

Katika kumeza dawa hiyo Babu alikuwa askari wa zamu. Muziki wa taarifa ya habari ukilia tu, kidonge kinywani, maji yakifuata, kwisha. Hakuruka siku, wala hakumeza viwili ili kujitanguliza. Jemadari wa aina hiyo hashindwi kwa kusahau. Hushindwa, kama tutakavyoona, kwa kupendwa.

Siku ya vita yenyewe Fundi Jicho alikuwa anashona suruali ya kijivu ya mkuu wa shule yetu. Ndiyo, yuleyule aliyenishika nikiwa na vyura wawili na ufunguo wa chumba cha walimu, akanirudisha nyumbani kwa wiki moja. Mkuu alikuwa apokee wageni wakubwa kesho yake asubuhi, na suruali yake nyingine ya heshima ilikuwa imechanika mahali ambapo mgeni hapaswi kupaona. Heshima ya shule nzima ilining'inia kwenye uzi mmoja, nami, nisiseme uongo, niliuombea uzi huo ukatike.

Lakini lililoasi halikuwa uzi. Lilikuwa goti. Katikati ya mshono mrefu, Babu akikanyaga pedali kama mfalme anayekanyaga nchi, goti lake la kulia lilijikunja kwa maumivu, mwili ukashtuka, mkono ukateleza, na sindano ikapita kwenye kidole cha shahada. Tone moja jekundu likaangukia bitana. Babu akakifunga kidole kwa kipande cha kitambaa akaendelea na mshono huku akisaga meno. Kwa kawaida damu ya fundi hutoka, huona aibu, hurudi zake ndani. Siku hiyo ilitoka ikakaa barazani.

Ndipo mlango ukaingia giza.

"Hodi humu!"

Alikuwa Shangazi, binti wa kwanza wa Babu, malkia wa mkoba. Sifa za mkoba ule hazisemeki kwa siku moja. Ndani yake mna dawa zilizotoka kwa majirani, kwa mashemeji, na kwa watu waliopona kabla ya kumaliza; kidonge cha kichwa hukaa bega kwa bega na cha minyoo, na vyote huishi kwa amani kuliko sisi bwenini.

"Karibu, binti yangu. Ingia, ila usikanyage suruali ya watu."

"Shikamoo, Baba. Mbona umekunja uso kama pasi imekuunguza?"

"Marahaba. Goti tu."

"Goti tu! Hata ule mguu ulikuwa mguu tu, mpaka tukakubeba na godoro lako." Akatua mkoba mezani, pedali ikatetemeka. Akatoa fungu la mboga za majani kubwa kama kichwa cha ng'ombe, kisha chupa ya dawa nyekundu.

"Hiyo nayo ya nini?"

"Si uliniambia kwenye simu unatumia dawa ya damu? Nikajua imepungua. Hii inaongeza. Tazama ulivyochujuka, kama shati la kuazima."

"Yangu si ya kuongeza. Ni ya kuifanya isigande. Watu husema inaipunguza uzito."

"Kuipunguza!" Shangazi akaugeukia ukuta, maana alihitaji shahidi. "Damu yenyewe ndiyo hiyohiyo uliyozaliwa nayo, halafu unaipunguza? Baba, damu ni nzito kuliko maji!"

"Ndilo kosa lake hilo," akasema Babu. "Ilizidisha."

Shangazi hakucheka. Mkono wake ulikwisha kuzama mkobani, ukatafuta chini chini kama mtu anayemshika kambale, ukaibuka na karatasi ya vidonge iliyobaki kimoja tu. Akakiinua juu hadi mwanga wa dirisha ukakipiga, akahutubia.

"Hiki unachokiona, Baba, usikidharau kwa udogo wake. Hiki ndicho kilichomwinua shemeji yangu kitandani, mtu aliyekuwa anatambaa kama mtoto, akaenda kubeba saruji. Hiki hakiulizi goti la nani. Meza, ukanyage cherehani yako, mkuu wa watu apate suruali, nami nirudi nyumbani roho imetulia."

Babu akakitazama kidonge kwa lile Jicho lake maarufu. Cheupe. Cha mviringo. "Nakijua," akasema. "Ni kilekile cha kichwa. Kwa umbo tu nimekitambua."

Akakipasua kutoka kwenye karatasi. Nami nikaleta maji, kwa kuwa nimelelewa vizuri. Glasi ikapanda. Kidonge kikapanda. Malango ya midomo yakafunguka, na walinzi wa mlangoni, yaani meno yale machache yaliyobaki kazini, yakajipanga pembeni kumpisha mgeni.

Hapo ndipo Jicho lilipoona. Halikuona kidonge; liliona kidole kilichokishika kidonge. Kile kipande cha kitambaa, kilichofungwa kikiwa cheupe, kilikuwa chekundu kizima, na chini ya ukucha damu ilikuwa bado inatafuta njia. Na Babu akakumbuka maneno aliyoambiwa na mfamasia wa hospitali siku ya kwanza alipokabidhiwa dawa: "Babu, dawa hii si mbaya, ila ina wivu. Kabla hujailetea mgeni mwingine tumboni, hata awe mdogo, hata awe wa kienyeji, uniulize kwanza."

Uniulize.

Lo, wasikilizaji! Ni mapambano gani yaliyopiganwa nyuma ya paji lile la uso! Upande mmoja maumivu ya goti, na suruali ya mkuu, na binti aliyesafiri njia ndefu na mkoba mzito. Upande mwingine neno moja dogo ambalo shujaa wetu hakuwahi kulitumia maishani. Mate yakamezwa. Kidonge hakikumezwa. Glasi ikashuka mezani kwa kishindo.

"Nitauliza," akasema Fundi Jicho.

Shangazi akakaa. Hapakuwa na kiti, lakini akakaa.

"Utauliza nini?"

"Swali."

"Wewe, Baba?"

"Mimi. Mtoto, lete simu."

Namba ilikuwa imeandikwa kwenye bahasha ya dawa. Nikapiga, nikaiweka simu juu ya cherehani, na sauti ikatoka kwa nguvu hadi barabarani. Nani aliiwasha spika, wanahistoria bado hawajakubaliana.

"Haloo, famasi."

"Mwanangu," Babu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayevua viatu mlangoni, "mimi ni yule fundi wa dawa ya damu, ya kuzuia isigande. Nina... nina swali."

"Karibu, Babu. Uliza tu."

"Goti linauma. Nimepewa kidonge. Nikimeze?"

"Kinaitwaje?"

"Cheupe. Cha mviringo."

"Babu, nusu ya vidonge vyangu humu ni vyeupe vya mviringo. Nisomee jina, liko nyuma ya karatasi."

Hata nzi aliyekuwa kwenye chaki alitua mguu taratibu. Kwa maana miwani ya Babu haikuwepo. Kwa taarifa rasmi, haikuwepo. Lakini Babu akanyoosha mkono kwenye kopo la vifungo, akachimba, na kutoka chini ya vifungo vya makoti akaitoa miwani yenye mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa ni mpira wa kaptula. Nimeona mashujaa vitabuni wakivaa deraya na kofia za chuma. Hakuna aliyejivika kwa ujasiri kama Babu alivyouvuta mpira ule nyuma ya sikio, mbele ya bintiye na mjukuu wake, akaiinua karatasi, akasoma jina herufi moja moja, na lilikuwa jina refu kama treni ya mizigo.

"Hapana!" sauti ikaruka. "Hicho usimeze, Babu. Ni dawa nzuri ya goti, ila si kwa mtu anayetumia dawa yako. Vikikutana unaweza kuvuja damu tumboni, na huko ndani hakuna kitambaa cha kufungia. Kwani sasa hivi unatoka damu popote?"

"Kidole. Sindano imenichoma."

"Kibane kwa nguvu, mkono uwe juu, na usifunguefungue kuchungulia. Ikikataa kukoma, njoo hospitali leo leo, usingoje kesho. Fizi zinatoka damu? Mkojo una wekundu?"

"Hapana."

"Na choo, Babu? Kina rangi gani? Ni cheusi kama lami?"

Kwa bahati ambayo siwezi kuieleza, ila naishukuru, mkuu wa shule yetu alikuwa ameingia wakati huohuo kuulizia suruali yake, naye akabaki mlangoni mguu mmoja ndani, mmoja nje. Babu alimwona. Angeweza kukata simu. Angeweza kusema nitakupigia baadaye. Shujaa wetu, mkono mmoja juu, miwani ya mpira usoni, alijibu kwa sauti ya ukweli, na kwa lugha ya kazi yake:

"Kahawia, mwanangu. Kama khaki iliyofuliwa mara mbili tatu."

Mkuu wa shule, aliyekuwa amevaa khaki iliyofuliwa mara mbili tatu, akaitazama suruali yake.

"Vizuri sana," ikasema sauti. "Basi kwa goti tumia parasetamoli ya kawaida, kipimo kilichoandikwa, usizidishe. Ukiona unaihitaji kila siku, nipigie tena."

Shangazi akainuka, akainamia simu kama anayetaka kuingia ndani yake. "Na mimi niulize. Mboga za majani nimemletea fungu. Na chupa ya kuongeza damu."

"Mboga ale kama alivyozoea, mama. Asile fungu zima leo kisha aache mwezi. Dawa yake haipendi kushtushwa. Chupa muilete niisome kwanza."

Shangazi akairudisha chupa mkobani. "Mimi nilimwona akibebwa," akasema, na hakukuwa na hotuba tena katika sauti yake. "Sitaki kumwona vile tena, basi. Kumbe leo mimi mwenyewe ningefanya abebwe."

Babu akamgusa begani kwa mkono ule usiotoka damu. "Damu yetu ni nzito kuliko maji, binti yangu, sikatai. Ni hii yangu tu iliyoambiwa ipunguze uzito."

Shangazi akacheka hadi akafuta macho, kisha akaumimina mkoba mzima juu ya meza ya kukatia, akanitazama. "Na wewe, mtukutu, kaa hapa unisomee. Hivi vyote kesho naenda navyo kwa yule msichana wa famasi."

Kidole kilipofunguliwa, damu ilikuwa imekoma. Parasetamoli ilipatikana, na jina lake likasomwa mara mbili, moja kwa miwani na moja kwa fahari. Goti likaomba suluhu. Babu akarudi kwenye pedali, akamtazama mkuu wa shule kutoka kola hadi kisigino, akafumba macho, akayafumbua.

"Mwalimu," akasema, "kiuno chako ni inchi ngapi?"

Mkuu akashtuka. "Fundi, tangu lini unauliza?"

"Tangu sasa hivi."

Suruali ikaisha kabla ya taarifa ya habari, ikamkaa mkuu kana kwamba aliumbwa nayo, na mimi nikaukosa mpasuko niliouombea. Lakini simlaumu Babu, kwa kuwa hakuna ushindi usio na majeruhi. Muziki ukalia redioni. Babu akameza kidonge chake, kile cha jioni, kimoja, kwa maji.

Kile kingine kilibaki juu ya cherehani, kando ya chaki, cheupe, cha mviringo, kizima. Wajengeeni wengine minara kwa miji waliyoiteka. Sisi wa nyumba hii tunaomba mstari mmoja tu katika kitabu cha dunia, na uandikwe kwa wino usiofutika: siku ile Fundi Jicho aliuliza, na kidonge kimoja hakikumezwa.